Bomba la Fundi

Asalamu alaykum, dada zangu. Hamjambo huko? Homa ya Mama imeshuka?

Leo nimenunua kitu ambacho mkono wangu hauwezi kukibinya.

Mvua inaingia dirishani, basi nikaenda Old Kampala kutafuta bomba la kukamulia gundi ya kuziba nyufa. Duka lile la Wahindi waliofukuzwa sasa analo mke wa sajini. Akaniwekea mawili mezani.

"Mama, hili jepesi ni la nyumbani. Hili zito la fundi. Nani ataziba?"

Nikasema, "Mume wangu."

Ulimi ulitangulia. Yusufu wangu, mnajua, askari walimchukua akiwa kazini, na mpaka leo hajarudi. Shemeji anataka Ijumaa hii tumsomee hitima.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Kazini."

Akanitazama. Akanifungia lile zito kwa gazeti, polepole, kama anayefunga sanda.

Nyumbani nimejaribu kwa mikono miwili, wapi. Dirisha nimelizibia kanga.

Bomba nimelitundika kwenye msumari wa vifaa vya Yusufu.

Sasa shemeji akija, nimwambieje? Namsomeaje hitima mtu niliyemnunulia bomba leo?

Nijibuni kabla ya Ijumaa, tafadhali.