Mama Huonja Kwanza

Goti langu la kushoto liliharibikia mlimani, na si kwa ushujaa wowote. Watu wakisikia nilikuwa mpishi wa mlimani hutega masikio wakitaka habari za theluji na mawe yanayoporomoka. Mimi niliteleza kwenye tope la msituni, siku ya mwisho ya safari, tunateremka, mkononi nimeshika trei ya mayai yaliyobaki. Mayai hayakuvunjika hata moja. Goti ndilo halikupona.

Nikarudi Machame, kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo lenye migomba, mibuni na makaburi ya wazee. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kaka zangu wako Dar na Mwanza; huja Krismasi na magari yaliyooshwa mpaka chini ya matairi. Siku nyingine zote nyumbani tulikuwa mama, binti yangu na mimi. Mama wa binti yangu yuko Arusha na maisha yake. Namtakia heri, kwa umbali huo huo.

Kahawa ilikuwa imeshatuchosha. Majirani kadhaa waling'oa mibuni wakapanda parachichi. Sisi tulibaki na yetu kwa ukaidi wa mama tu, maana ilipandwa na mume wake na hakutaka kusikia habari ya panga. Ndizi zetu zilikuwa nzuri, lakini ndizi zina tabia ya kukomaa kwako siku zile zile zinapokomaa kwa kila mtu. Katikati ya hali hiyo binti yangu akachaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Nilimkumbatia, nikapiga vigelegele kama mwanamke, kisha nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe nikakaa juu ya kigogo. Sikujua ada itatoka wapi, na sikuwa na wa kumwuliza.

Jibu lilikuja na gari. Kijana mmoja niliyewahi kumpikia mlimani alikuwa ameajiriwa kuongoza wageni na kampuni ndogo yenye ofisi Njoro, kule chini mjini. Akanieleza kwamba wapo watalii wasiopanda mlima, au wameshateremka na miguu inawauma, wanaotaka kuona kahawa inavyotengenezwa nyumbani, kuanzia mtini mpaka kikombeni. "Kaka, wewe una mibuni, una Kiingereza, una mama," aliniambia. "Unataka nini tena?" Nikamwambia nataka goti. Akacheka, na wiki iliyofuata akaleta wageni wa kwanza.

Niseme ukweli kuhusu kazi ile. Wageni walipenda kutwanga buni kwenye kinu huku wakiimba, kwa hiyo tuliwaimbia wimbo wa kutwanga kahawa. Wimbo huo haukuwepo. Kwetu kahawa ilivunwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikapelekwa kuuzwa, na sisi wenyewe tukanywa chai ya maziwa. Mama alikunywa kahawa yake ya kwanza akiwa bibi, akakunja uso, akauliza kama ndicho hicho Wazungu walichokuwa wakituhangaishia miaka yote. Nilichukua wimbo wa kuvutia gogo nikabadilisha maneno mawili matatu, na mama, ambaye ni mzee wa kanisa, akawa anapiga makofi kuliko wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ada ya muhula wa kwanza ililipwa, na wa pili pia.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo sikulifikiria hata kidogo, kwa sababu mtu hafikirii jambo alilozaliwa nalo. Ukimpa mtu kinywaji, unakionja kwanza mbele ya macho yake, kutoka chombo kile kile, ndipo unampa. Zamani watu waliwekeana sumu, au waliogopa kuwekeana, na kuonja ni kumwambia mgeni: kama kina kifo, nimetangulia mimi. Ni desturi ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Lakini mama aliichukua akaipeleka kwenye kahawa, kwa kuwa kwake mgeni ni mgeni. Basi alikuwa akimimina kikombe, anapiga funda dogo, anafuta ukingo kwa kidole gumba, anampa mgeni kwa mikono miwili. Kikombe baada ya kikombe, mpaka mgeni wa mwisho. Usiku hakuwa akipata usingizi kwa kahawa aliyokunywa, na alikuwa analaumu umri.

Wageni wengi walinyamaza. Wengine walidhani ni sehemu ya onyesho. Lakini mmoja akaandika kwenye mtandao kwamba bibi wa nyumba ile anakunywa kwenye vikombe vya wageni, na mwingine akaongeza maneno ya vijidudu. Kijana wa kampuni akapanda peke yake siku hiyo, bila wageni. Akamwamkia mama shikamoo, akakaa, akanywa chai yake, akashindwa kuanza. Mwishowe akaniita pembeni ya kibanda cha kuanikia.

"Kaka, hii ishu ni kubwa. Bosi amesema bibi aache kuonja, la sivyo wageni wanahamia kule juu, kwa yule mzee mwenye vikombe vya glasi."

"Kwani nyumbani kwenu hamuonji?"

"Bibi yangu anaonja mpaka maji ya bomba," akasema, na sikuona furaha usoni mwake. "Lakini bosi haishi na bibi yangu."

Nilimweleza mama jioni, anakamua. Aliendelea kukamua. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akasema, "Nimpe mtu kikombe sijakionja, atanionaje?" Nikamwambia, "Mama, hawa hawajui. Ukionja ndipo wanakuona vibaya." Hilo lilimshangaza kweli kweli. Aligeuka akanitazama kuona kama ninatania.

Nilimwomba aonje kutoka kikombe chake mwenyewe, kutoka birika lile lile. Akakataa, alisema sumu haiwekwi kwenye birika, huwekwa kikombeni. Basi nikabaki na neno moja tu, nikalisema: chuo. Mama aliinua ndoo ya maziwa, akasimama nayo kidogo, kisha akasema, "Haya. Kwa ajili ya mtoto."

Mwanzoni ilimtesa. Alikuwa akimimina, mkono unapanda mdomoni wenyewe, anaurudisha njiani, kahawa inamwagika kwenye kisahani. Alikuwa akigeuza uso anapompa mgeni kikombe, kama mtu anayempa mwenzake kitu cha wizi. Baada ya miezi akazoea. Vikombe vikawa vinatoka mkononi mwake safi, moto, kimoja baada ya kingine, na wageni wakawa wanaandika kwamba bibi ni mkarimu. Kampuni ikaongeza siku za kuleta watu. Mimi nilifurahi, sina sababu ya kudanganya.

Ikaja Krismasi. Nyumba ikajaa kaka zangu, wake zao, watoto wanaoongea Kiswahili cha Dar na kuogopa ng'ombe. Mama alikuwa ametengeneza mbege. Sisi ni Walutheri, lakini mbege haijawahi kuulizwa dhehebu. Kata ya kwanza, yaani kile kibuyu kilichopasuliwa tunachonywea, ni ya baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Na yeye na mama wana historia. Miaka ya nyuma waligombana juu ya mpaka wa kihamba, wakanuniana mpaka wazee wakawapatanisha kwa jani la sale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha. Walipatana kweli. Lakini ni watu ambao tangu siku hiyo hawafanyi mzaha na heshima.

Mama akachota mbege, akaenda alipokaa shemeji yake, akainama kidogo, akampa kata kwa mikono miwili. Hakuonja.

Baba mdogo aliipokea kabla hajajua. Akabaki ameishika, imejaa, akimtazama mama, anangoja. Kaka yangu mkubwa aliyekuwa akisimulia habari za barabara akageuka kutazama. Mtu mzima yeyote pale uani alijua kilichosemwa. Mama peke yake ndiye alikuwa bado hajui; alisimama anatabasamu, lile tabasamu la kahawa.

"Shemeji," baba mdogo akasema taratibu, "na mimi siku hizi nimeletwa na gari?"

Mama akatazama mikono yake. "Yesu wangu," akasema, akainyoosha haraka aichukue kata aonje. Baba mdogo akaivuta kwake. Akainua, akainywa yote bila kupumzika, mpaka ulezi ukamshuka kwenye shati lake la kanisani. Akafuta midevu, akamrudishia kata.

"Tamu," akasema. "Niongeze."

Watu wakacheka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama akachota tena, akaonja, akampa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la mbege nimeshikwa na aibu. Nikaikasirikia kampuni, kisha nikamkasirikia yule aliyeandika mtandaoni, kisha kahawa yenyewe, na nilipomaliza wote hao nikabaki mimi. Nampenda baba mdogo kwa kata ile moja kuliko kwa mambo yote aliyowahi kunifanyia.

Wageni wa Krismasi walipoondoka, nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi za mtori. Nikakaa nikachukua kisu nimsaidie. Nikasema alisahau tu, kila mtu husahau.

"Sikusahau," akasema. "Kusahau kuna nafuu. Mkono umejifunza." Akamenya ndizi nyingine. "Gari likija, mwambie yule kijana ninaonja."

"Na chuo, mama?"

"Atasoma."

"Kwa hela gani?"

"Wewe ulidhani ng'ombe nimemfuga awe pambo?"

Gari likaja Januari na wageni wachache, wengi wao kina mama watu wazima, na kijana mmoja mrefu. Waliimba wimbo wetu wa uongo wakatwanga vizuri. Mama alipoketi na birika aliniita karibu. "Waambie kwetu anayekaribisha huonja kwanza, ili kama ni kifo kianze naye. Asiyetaka, asinywe. Sitakasirika." Nilitafsiri kama alivyosema, bila kupunguza. Mwongozaji alinitazama kwa jicho la kuomba, nikajifanya simwoni.

Mama akaonja, akafuta ukingo, akampa wa kwanza. Mama mmoja wa Kizungu alishika kikombe, akasema neno kwa wenzake, akanywa. Wengine wakanywa, wengine wakagusisha midomo kwa adabu. Yule kijana mrefu alikishika cha kwake mpaka kikapoa, kisha akakiweka chini ya benchi akidhani hatumwoni. Simlaumu. Kwao mdomo wa mtu ni wa mtu, nao wamefundishwa na mama zao.

"Umenimaliza, kaka," mwongozaji aliniambia getini. Alikuwa na huzuni, si hasira. Akarudi ndani kumuaga mama, akapewa kikombe, akakinywa chote amesimama. "Aika," akamshukuru kwa Kichagga, nikajua anaaga.

Hawakuturudia. Wageni wanapelekwa kule juu, na njia ya kwenda huko ni moja tu, inapita mbele ya geti letu. Yule mwongozaji hupiga honi wakipita, kwa heshima. Heri asingepiga.

Ada ya muhula uliofuata ilipofika, mnunuzi alikuja kutoka Sanya Juu. Alimzunguka ng'ombe wetu, akampapasa kiwele, akasifu kidogo kama wanunuzi wanavyosifu. Walipatana na mama bila kelele. Mama akamkaribisha kahawa, akaonja, akampa, naye akapokea kwa mikono miwili huku akiendelea na habari ya mvua, wala hakutazama kikombe. Kisha akamfunga ng'ombe kamba, wakateremka pamoja kati ya migomba. Ng'ombe aligeuka mara moja pale kwenye mfereji. Mama alikuwa ameshaingia ndani.

Binti yangu alilipiwa siku ile ile. Alinipigia simu akilia, akiuliza bibi anaendeleaje, nikamwambia bibi ni mzima na asome.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikamwona mama anapanda kutoka bondeni, mzigo wa majani kichwani, umande unamtiririka shingoni. Sikumwita. Alifika mpaka banda la ng'ombe, akatua mzigo, akakata kamba, akachukua kumbatio la kwanza, ndipo akaona ng'ombe hayupo. Akasimama nalo kifuani. Kisha akacheka, akanigeukia ili nicheke naye, na mimi nikashindwa.

"Beba," akaniambia. "Tumpelekee jirani, yasinyauke bure."

Nikabeba.