Nilimshauri baba autilie chokaa mwasumini wa marehemu mama

Wakuu, asalam aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Kisa hiki nimekaa nacho muda mrefu. Sikitii chumvi. Mkiona mahali nimejipaka matope, jueni ni matope yangu halisi.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa ndani. Naishi na baba yangu Mji Mkongwe, nyumba ya mawe yenye uwa katikati, na kama hakuna harusi wala msiba, basi kwenda sokoni Darajani ndiyo safari yangu ndefu. Mama yangu mdogo, Bi Zuhura, ananiita mwari wa kiume. Anasema yeye alipowekwa ndani alitolewa, mimi bado nimo.

Uani kwetu kuna mwasumini, mti wa asumini, aliupanda marehemu mama.

Mama alikuwa akisuka vikuba, vile vishada vya asumini vya kuvaa, kwa maharusi wa mtaa mzima. Lakini Alhamisi jioni hakuna bibi harusi aliyepata asumini kabla ya baba. Mama atachuma vitumba, atavifunga kwenye kitambaa kibichi, na Ijumaa baba atakwenda msikitini na asumini mfukoni mwa kanzu.

Mama alipofariki, baba akawa anachuma mwenyewe.

Wanawake wana eda. Mwanamme, matanga yakishaondoka, anaambiwa "pole, ndiyo dunia", basi. Na baba si msemaji. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kupaka chokaa, amezoea kukaa na kuta. Ile asumini ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa kilio chake.

Ndipo mti ukaanza kuugua.

Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Vitumba vikawa vinadondoka kabla ya kufunguka. Siku moja baba akausimamia, akasema, "Huu ukifa, sina tena cha kwenda nacho Ijumaa."

Hapo, wakuu, mwari akaingia kazini na simu yake.

Nikapata clip ya mkulima mmoja wa bara, kasimama kwenye udongo mwekundu, anaeleza kwamba udongo ukizidi tindikali mimea huwa manjano, na dawa yake chokaa. Nikatoka mbio hadi uani. "Baba, dawa nishaipata. Chokaa!"

Nimemwambia fundi wa chokaa kwamba dawa ni chokaa. Mlitegemea akatae?

Aliifanya kazi ile kwa mapenzi. Akachekecha chokaa ikawa laini kama unga wa ngano. Akafagia uchafu wote shinani, akaitia hapo, akauzungushia mti mawe, mawe nayo akayapaka yakawa meupe. Kila Ijumaa akirudi msikitini anaongeza kidogo. Mti ukazidi manjano, ncha za majani zikaungua. Akaniuliza, nami bila kupepesa macho nikamwambia aongeze.

Siku hiyo Bi Zuhura kaja kutengeneza achari jikoni kwetu. Alipofika uani akasimama.

"Ala! Nani kauvisha sanda mti wa dada yangu?"

"Ni dawa, mama. Udongo umezidi tindikali."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye simu."

"Simu yako imezaliwa wapi? Dada hajapata kutia kitu cheupe hapa. Gunia la udongo mwekundu kalitoa kwetu shamba, Donge, mwenyewe nlimsaidia kulishusha. Na kila asubuhi machicha ya chai anamwaga hapo hapo, babaako analalamika kaugeuza uwa kuwa jaa. Yako wapi machicha?"

Yako wapi? Baba alishayafagia. Ndiyo ule "uchafu".

Nikageuka nikautazama ukuta. Ukuta wa nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chini ya sakafu ni kifusi cha mawe hayo hayo. Kila mwaka chokaa ya ukutani inabanduka na kuangukia pale. Tindikali itoke wapi?

Kemia ya sekondari ilinipita kama upepo, lakini kitu kimoja kilibaki: siki na chokaa havikai pamoja bila vurugu. Nikachota udongo wa chini kabisa, usioguswa na chokaa ya baba, nikautia kwenye kisahani. Kisahani cha pili nikatia udongo wa kopo la mrehani, ambao Bi Zuhura alisema ulitoka kwenye gunia lile lile la Donge. Nikamimina siki yake ya achari.

Wa Donge ukakaa kimya. Wa mwasumini ukachemka povu.

Maana yake, wakuu, pH ilikuwa juu tangu mwanzo, yaani udongo ulishajaa chokaa kabla yetu. Madini ya chuma yamo ardhini, lakini chokaa ikizidi mizizi haiwezi kuyachukua. Chakula kimo kabatini, kabati limefungwa. Na sisi kila Ijumaa tulikuwa tunaongeza kufuli.

Kazi ikabaki kumwambia baba.

Alirudi baada ya alasiri. Nikamimina siki tena mbele yake. Akatazama povu mpaka likaisha.

"Kwa hiyo nnauua mimi."

"Hapana, baba. Chokaa nilisema mimi."

"Wewe ulisema. Mkono ulikuwa wangu."

Akaenda kuchukua mwiko wake wa ufundi, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, akaanza kukwangua. Bi Zuhura, ambaye hakosi neno, aliingia jikoni akafunga mlango.

Tuliondoa udongo wa juu kadiri mizizi ilivyoruhusu, tukaleta mwingine Donge, tukachanganya na majani yaliyooza. Duka la pembejeo wakatuuzia unga wa salfa, wa kuongeza tindikali. Tukatia kidogo, maana muuzaji alionya kwamba unakwenda polepole na ukizidisha unaunguza. Maji ya kisima tukaacha, yale yanayoweka gamba jeupe kwenye birika. Tukakinga ya mvua.

Shina kubwa halikupona. Kwa chini lilitoka chipukizi moja, kijani hasa.

Tangu msiba baba alikuwa hanywi chai nyumbani. Alikunywa kahawa barazani, nami nikitumia chai ya vipakti. Asubuhi moja akaniita.

"Naam, baba."

"Pika chai ya majani."

Akainywa uani, kwenye kigoda cha mama. Kisha akachukua kichujio, akayasuuza machicha sukari itoke, siku hizi anaogopa sisimizi kuliko uchafu, akayamwaga shinani. Kesho yake tena. Mpaka leo.

Baada ya masika vilitoka vitumba vichache. Alhamisi akavichuma. Ijumaa mfuko wa kanzu ulikuwa umetuna kidogo.

Nilichojifunza: kabla hujaupa udongo dawa, uulize una nini. Siki kidogo tu inatosha kukuzuia usifanye ujinga wangu. Na ushauri wa mtandaoni, tazama kwanza mshauri kasimama kwenye udongo gani.

Wataalamu wa kilimo, njooni mnisahihishe. Hasa hili la machicha ya chai: yanashusha pH kweli, au ni mbolea tu kama majani mengine?

Mkisema hayashushi kitu nitawaamini. Baba sitamwambia. Birika liko jikoni.