Mthai aliyeletwa Migori kama mke wa siri, na siku alipoenda Kosele kumwona mke mkubwa

Wakuu, salamu kutoka Migori. Na wadada mnaosoma kimya kimya bila kucomment, nawaona pia.

Hii kitu ilitokea kwetu na wahusika wote wako hai. Majina nimebadilisha. Mengine nawaambia vile yalivyokuwa, bila chumvi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa mjini. Kwetu ni Kosele, upande wa Homa Bay. Kaka yangu, tumuite Ouma, alienda Thailand kufundisha Kiingereza. Wakenya wako wengi huko wanafanya hiyo kazi. Nyumbani aliacha mke, Akinyi, na watoto wao. Akinyi ana posho mill pale senta na anaiendesha mwenyewe.

Mwaka jana Ouma akapiga simu, anakuja likizo na mgeni.

Mgeni kufika, ni mwanamke wa Kithai. Anaitwa Nok. Ni mwalimu mwenzake, mpole, mcheshi, na pilipili anatafuna kama njugu. Walikuwa wamefanya harusi ya kimila huko kwao, mbele ya wazazi wake na watawa.

Ouma alikuwa amemwambia kwamba yeye na mama watoto waliachana zamani. Na kwamba hawawezi kufika Kosele sasa kwa sababu nyumba inajengwa upya. Basi akampangia nyumba hapa Migori.

Akanivuta kando. "Nyaminwa, dada yangu, nisaidie tu. Siku chache, halafu tunarudi."

Nikamwambia, "Sitaenda kumwambia Nok. Lakini akiniuliza, sitadanganya. Akinyi ndiye alinilelea mtoto wangu nikiwa mgonjwa."

Alikasirika, lakini angefanya nini.

Sasa wakuu, Migori si Nairobi. Mtu wa Kosele utampata kila kona. Siku moja niko na Nok sokoni, tunanunua dagaa wa omena, mama muuzaji akamwangalia juu mpaka chini, akaniuliza kwa Kijaluo kama huyu ndiye nyachira wa Ouma.

Nikajifanya sijasikia. Nok alisikia. Jina la bwana yake alilishika, na hilo neno lingine pia akalishika.

Tulipofika kwa duka yangu akauliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nyachira ni nini?"

Nikazima cherehani. "Ni mke wa pili."

"Na wa kwanza?"

"Anaitwa mikayi. Yuko Kosele. Hawajawahi kuachana."

Nilijua atalia ama atapiga nduru. Aliomba kiti. Akakaa akiangalia barabara.

Halafu akaanza kunihadithia kwao. Wanaye mtu kama huyo, wanamuita mia noi, mke mdogo. Baba yake alikuwa na mmoja mji wa pili. Kila mtu alijua: majirani, mashangazi, hata watoto. Hakuna aliyesema. Mama yake alikuwa anampigia baba pasi shati la kuendea huko, na akirudi anamuuliza kama mvua ilimkuta njiani.

"Watu walimsifu mama kwa kunyamaza," Nok akasema. "Mimi nilimwona akinyamaza mpaka akashindwa kuongea na sisi watoto."

Kisha akaninyooshea kidole. "Usiende kusema Wathai wote wako hivyo. Rafiki zangu wengi wangemfukuza mwanaume siku hiyo hiyo."

Nimesema, Nok. Wamesikia.

Nikamuuliza sasa atafanya nini. "Nipeleke kwa Akinyi," akasema. "Kesho, mchana. Sitaki kwenda kama mtu anayejificha."

Jioni alimwambia Ouma wazi. Ouma akaanza kubembeleza, wacha aende yeye kwanza aandae watu. Nok akamjibu, "Kwenda kwanza ulikuwa na nafasi miaka yote."

Kesho yake tukaenda. Nawaambia ukweli, mimi ndiye nilikuwa naogopa. Akinyi ana mkono mzito, na pale kwa mill hakukosi kitu cha kurusha.

Tulimkuta akisaga mahindi ya wateja, unga mpaka kwa nyusi. Akaniona. Akamwona Nok. Uvumi ulikuwa umefika kitambo, kumbe. Akazima mashine na wateja wote wakatugeukia.

Nok akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa hadi vidole vikagusa paji la uso. Hiyo ndiyo heshima yao kwa mkubwa.

Akinyi akadhani anaombewa. Akasema, "Amina."

Mteja mmoja akacheka, mimi nikashindwa kujizuia, na Akinyi mwenyewe akacheka. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia kabisa.

"Amekula?"

Akatupeleka kwake. Akatengeneza ugali na samaki, Nok akala kwa mkono bila kufundishwa. Sahani zilipoondolewa ndio Nok akasema alichokuja kusema. Mimi nikawa natafsiri pale Kiingereza kilipokuwa kinakwama.

"Aliniambia mmeachana. Ningejua, nisingekubali. Nimekuja kuomba msamaha."

Akinyi akamwangalia sana. "Baba yangu alikuwa na wake watatu," akasema. "Sikuwahi kulia ndani ya hiyo boma. Lakini kila mmoja aliletwa mchana, na mama yangu aliambiwa kabla. Mimi sikuambiwa kitu. Ouma hajaoa mke wa pili, ameiba tu."

Kisha wakuu, huyu mwanamke akasema kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

"Wewe hujanikosea. Ukitaka kukaa, sema. Mimi mikayi ndiye nitakuonyesha mahali nyumba yako itasimama, na hakuna mtu Kosele atakugusa."

Nok akalia hapo. Kwa mara ya kwanza.

Ouma akatokea akihema, alikuwa ametufuata. Akinyi hakumpa hata kiti. Alituma mtu amwite mama yetu, na mama alipokaa, akamwambia Ouma: "Tuambie kila mmoja wetu ni nani kwako. Mbele ya mama."

Kaka yangu alizoea kufundisha darasa zima la Wathai. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa mwanafunzi. Mwishowe akasema, akiangalia chini: huyu ni mke wangu, na huyu pia nilimuoa, na wote nimewadanganya.

Mama akainuka. Alihama kiti chake akaenda kukaa katikati ya wale wanawake wawili.

Nok akamshukuru Akinyi kwa ile nafasi, akaikataa. Alisema hawezi kuishi na mwanaume ambaye itabidi amchunguze kila akitoka nje. Alilala kwa mama usiku ule, na wiki hiyo hiyo akapanda ndege peke yake. Akinyi alifunga mill ili aje kumsindikiza.

Ouma hakurudi Thailand. Akinyi alimrudisha kwa simba yake, kile kibanda cha ujana kwa boma la baba, na huko ndiko analala hadi sasa, mtu mzima na ndevu zake. Mchana anabeba magunia kwa mill. Akinyi anasema bado anafikiria.

Nok na Akinyi wanaongea kwa video karibu kila Jumapili. Akinyi anamuita nyieka, yaani mke mwenza, na hawana bwana wa kushirikiana. Juzi Nok alimuonyesha Akinyi mama yake kwenye simu. Yule mama aliyezoea kunyamaza akaongea Kithai bila kupumua, na Nok akaacha kutafsiri kwa sababu alikuwa anafuta macho.

Nilichojifunza? Nilikuwa naamini wanawake wawili wa mwanaume mmoja lazima watoane nywele, na kwamba hiyo ndiyo nguvu. Nguvu niliiona siku ile, imepakwa unga.

Sitetei mitala na siipingi, kila mtu na kwao. Wadada, nyinyi mngeweza kumkaribisha mezani?

Na nyinyi wababa mnaosoma hapa: ukiitwa leo, ungeweza kusimama mbele ya mama yako uwataje wote?