Mungu Aidumishe Ndoo Yenu

Jumatatu asubuhi nilikuta ndoo ya plastiki mlangoni mwa karakana yetu. Imefungwa utepe mwekundu, kama zawadi ya harusi.

Pembeni yake amesimama mzee mwenye ukumbi wa harusi. Mteja wetu mkubwa. Yaani huyo mzee akikohoa, sisi tunaumwa kifua.

"Bibi harusi amewaletea," akasema. "Amelia mpaka wanja umefika kidevuni."

Jamani, nilijua hapo hapo kuna jambo. Ila sikujua ni jambo gani.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Tunachapa mabango ya sherehe, na msimamizi ni mimi. Kule nilikotoka bosi alikuwa anafoka mpaka mate yanakufikia, nikaapa kwangu haitakuwa hivyo. Kwangu sisi ni familia. Wote waliniita Kaka, hata fundi wa mashine anayeweza kunizaa.

Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kukosoana. Mwenzako akileta kazi, unamwambia "safi". Ikiwa mbaya je? Safi! Imepinda? Safi sana!

Kuna binti wa kuchanganya rangi tulimpa jina la Pilipili. Wiki yake ya kwanza alimwambia mshonaji wa pindo, "Dada, hapa umeshona vibaya." Nikamvuta pembeni, nikamkanya kwa sauti ya mchungaji.

"Mdogo wangu, hapa ni nyumbani. Maneno yako yanachoma."

"Sawa, Kaka."

Tangu siku hiyo kila kazi akawa anaiitikia "safi, safi", kama kasuku. Mimi nikajipongeza kwa malezi bora. Loh!

Sasa mzee akaingia ndani na lile bango, akalikunjua sakafuni. Lilikuwa la ukubwa wa ukuta, maua pembeni, na herufi za dhahabu:

MUNGU AIDUMISHE NDOO YENU.

Ndoo! Badala ya ndoa!

"Mshereheshaji amelisoma kwenye kipaza sauti," mzee akasema. "Ukumbi mzima umeitikia amina. Nani aliandika hii?"

Niliandika mimi. Kwa vidole vyangu hivi. Lakini niliinama, nikajifanya nakagua maua ya pembeni.

"Mimi, mzee," akasema fundi wa mashine.

"Hapana, ni mimi," mshonaji naye akadakia.

"Mimi," akasema dereva, ambaye hata kompyuta hajui inawashwaje.

Machozi yakanilenga. Nikasema moyoni, ona upendo huo! Nani mwingine ana familia kama hii?

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo limepita mikononi mwenu wote, na hakuna aliyeona? Basi kazi zangu nazihamisha leo. Angekuwepo hata mmoja aliyeona, ningewafikiria."

Nikaanza kuhesabu nani nitamwambia asirudi kesho. Mashine zile zinaishi kwa ukumbi wa yule mzee.

"Mimi niliona," akasema Pilipili.

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa maneno yangu yanachoma."

Mzee hakuuliza na nani, maana macho yote yalishanigeukia mimi.

"Hata mimi niliona," fundi akanong'ona. "Nikaona aibu kumwambia Kaka."

"Na mimi," akasema mshonaji.

Na dereva! Dereva alicheka njia nzima kwenda kulifunga, kumbe. Wote waliona!

"Niliandika mimi, mzee," nikasema hatimaye. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyekojoa kitandani.

Mzee akatikisa kichwa. "Kijana, hawa wanakupenda kama watu wanavyompenda mgonjwa. Hakuna anayemwambia ukweli."

Ilinichoma kuliko pilipili yoyote.

Akatoa sharti. Bango la bibi harusi tulirudie bure, kwa ajili ya picha. Na kuanzia leo hakuna kazi yake itakayotoka bila yule binti kuisoma, na akisema mbaya, ni mbaya, hata kama ni ya msimamizi.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nikamsindikiza mpaka nje, kifua mbele, nikampungia mkono mbele ya mtaa mzima.

Niliporudi nikawaita wote. "Ndugu zangu, sheria ya zamani imekufa. Mkiona kosa, semeni. Hata langu. Anzeni sasa hivi."

Fundi akajifanya anafuta mashine.

Pilipili akakohoa kidogo.

"Kaka, zipu."

"Zipu gani?"

"Ya suruali. Iko wazi."

"Tangu saa ngapi?!"

Wakatazamana. Fundi wa mashine, mtu mzima na mvi zake, akainamisha kichwa.

"Tangu ulipoingia asubuhi, Kaka. Tulisema... safi."

Wewe unayeongoza watu, sikia la kwangu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Cheka na wenzako, kula nao, waite ndugu ukipenda, lakini anayekupenda kweli hakuachi utoke nje zipu ikiwa wazi.