Fundi Aliyekaa Mlangoni

Useremala niliusomea kwa sababu vyerehani vilikuwa sita. Baba alinipeleka chuo cha ufundi nikajifunze kushona, kama walivyopelekwa mabinti wengi wa Kilosa waliokosa nafasi ya sekondari. Tulipofika tulikuta wasichana kumi na wanane wanagombea vyerehani hivyo, na viwili kati yake ni vibovu. Mkuu wa chuo alinitazama, akatazama na mikono yangu, ambayo tangu utoto ni mikubwa, akasema nikae kwa muda kwenye darasa la useremala mpaka vyerehani vingine viletwe. Mpaka leo havijaletwa. Nilihitimu sijui hata kupachika kifungo, lakini nikipewa mguu wa kiti na fremu yake naviunganisha bila msumari, kwa ulimi wa mti unaoingia kwenye tundu lake na kukaa humo miaka.

Wavulana wa darasa lile walinipokea kwa heshima kubwa. Waliniachia kazi ya kufagia.

Nilirudi Kilosa wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo tulikuwa tukipanga foleni mbele yake kwa ajili ya sabuni, sasa yalikuwa na mazulia, redio na seti za vikombe vyenye maua, na watu wakaanza kutaka vitu. Kuna waliokuja kutoka mashambani Munisagara kuagiza kabati la televisheni kabla ya kuwa na televisheni, na wengine kabla ya kuwa na umeme. Sikuwacheka, angalau si mbele yao. Niliwatengenezea kabati za mninga, nikaacha nafasi ya televisheni katikati, na nafasi hiyo kwa miaka mingi ilikaliwa na chupa ya chai na picha ya harusi.

Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni. Nilikikodi pamoja na mwenzangu niliyesoma naye, yeye akiwa mmoja wa wale waliowahi cherehani. Alishona mito ya makochi, akapiga msasa na vanishi. Mimi niliranda, nikakata, nikaunganisha. Tulikuwa na kila kitu isipokuwa fundi. Hivyo ndivyo wateja walivyoona. Mtu aliingia, akanikuta nimeshika randa, maranda yamejaa kwenye kilemba, akauliza:

"Fundi yupo?"

"Ni mimi, karibu."

"Aa. Basi nitarudi akiwepo."

Baba mmoja alikaa kwenye benchi saa nzima akimsubiri fundi, huku ananitazama namalizia mlango. Mwisho alichoka, akaniambia nimsalimie fundi na nimwambie mlango ule ni mzuri. Nikamwambia salamu zitafika. Alipotoka nilirusha kikombe ukutani. Kilikuwa cha mwenzangu, na amenisimanga kwa kikombe hicho mpaka uzeeni.

Hapo ndipo alipoingia baba mdogo, kitinda mimba kwa akina baba. Babu yetu alitoka bara huko kuja kufanya kazi ya reli, na ukoo ukaganda relini. Kazi ya baba mdogo ilikuwa kusimama stesheni na kupeperusha bendera ya kijani ili treni iondoke. Miaka ile watu walikuwa wanapunguzwa kazini kwa mafungu, naye akapunguzwa. Mama mdogo alimvumilia wiki mbili. Kila treni ilipopiga honi, mumewe alitoa saa mfukoni na kutangaza imechelewa kiasi gani, hata kama kulikuwa na msiba nyumba ya pili. Wiki ya tatu akamwomba aende akakae popote. Akaja kukaa kwangu.

Alikaa mlangoni, kwenye kiti cha mikono cha mninga nilichokiweka kuwa sampuli, amevaa koti, anasoma gazeti la juzi. Patasi alikuwa hajawahi kuigusa. Siku ya tatu aliingia mteja, na kwetu humpiti mzee bila kumwamkia. Akasema shikamoo, akajibiwa marahaba, na baada ya hapo kumruka mzee na kwenda kuzungumza na binti kungekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo akamwambia mzee kwamba anataka kitanda cha sita kwa sita.

Baba mdogo angeweza kusema yeye si fundi. Badala yake alinigeukia, akaniambia, "Chukua vipimo."

Vipimo vya kitanda cha sita kwa sita ni sita kwa sita, lakini nilivichukua. Nami pia ningeweza kusema. Sikusema, kwa sababu kwa mara ya kwanza mteja alikuwa hajasema atarudi.

Ndani ya miezi michache tulikuwa tunapeleka kabati na meza hadi Mamboya. Baba mdogo aliiva haraka. Alijifunza kugonga ubao kwa kifundo cha kidole, kuuwekea sikio na kusema, "Huu haujakauka." Alisema hivyo kwa kila ubao, na kwa kuwa mbao za siku zile zilikatwa leo zikauzwa kesho, mara nyingi alikuwa sahihi. Wateja waliondoka wakiamini kwamba yule mzee hakuna kinachompita. Mtaa mzima ukawa unamwita Fundi, na mimi nikawa yule binti wa Fundi. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilitaka jambo moja tu, kuitwa fundi kwa kazi ya mikono yangu, na jambo hilo nilikuwa nimelitoa mwenyewe kwa mtu asiyejua patasi inashikwa upande gani.

Kisha ikaja kazi ya Mikumi. Bwana mmoja aliyewahi kuwa mkubwa ofisini, na ambaye sasa, kama wakubwa wengi wa wakati ule, alikuwa mfanyabiashara, alikuwa anajenga hoteli kando ya barabara kuu kwa ajili ya watalii wa mbugani. Alitaka viti arobaini vya mninga. Lakini alikuwa ametapeliwa na madalali wawili waliojiita mafundi, wakamletea viti vya msonobari vilivyopakwa rangi. Akaweka sharti: Fundi wa Kilosa aende mwenyewe, aunganishe mguu wa kiti mbele ya macho yake.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza baba mdogo.

"Tutakwenda," akasema. "Nimealikwa."

Tulipanda basi la asubuhi, yeye na koti lake, mimi nimepakata boksi la vifaa. Njia nzima nilikuwa na furaha mbaya. Nilijua kwamba leo ataumbuka, nitamnyang'anya msumeno, na watu wataona fundi ni nani. Nilikuwa nimeshaiandaa hata sentensi ya kusema.

Meza ya kufanyia kazi ilikuwa imewekwa ndani ya ukumbi usioezekwa bado. Wajenzi waliacha zege wakaja kutazama, na nyani wawili wakakaa juu ya ukuta kana kwamba nao wamealikwa. Baba mdogo akavua koti, akalikunja taratibu, akanipa. Akakunja mikono ya shati. Akachukua ubao, akaugonga, akauwekea sikio.

"Huu haujakauka."

"Umekauka, mzee," akasema mwenye hoteli. "Nimeuhifadhi mwaka mzima."

Baba mdogo akausikiliza tena. "Kumbe," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mfanyie. Kazi ya ulimi na tundu siku hizi nawaachia wanafunzi. Ukiharibu, nitarekebisha."

Sentensi yangu yote ilinipotea. Ukiharibu, nitarekebisha! Nikashika msumeno nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na sijui kama niliwahi kukata vizuri vile kabla ya hapo au baada yake. Msumeno ulifuata mstari bila kuambiwa. Nilichonga tundu, nikasafisha kona zake kwa patasi, nikauingiza ulimi kwa mapigo matatu ya nyundo, bila gundi. Mwenye hoteli alikanyaga upande mmoja na kuvuta mwingine mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haukuachia. Akanipita kama anavyopita nguzo, akaenda kumshika baba mdogo mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, umefundisha."

"Bado bado," akasema baba mdogo. "Anajifunza."

Nilifungua mdomo. Hapohapo mwenye hoteli akasema viti si arobaini tena, ni sitini. Nikaufunga. Naliandika hili kwa sababu nimewasikia wengi wakisimulia maisha yao, na kila mara wao ndio walioonewa.

Wakati wa kurudi, basi liliposimama kwenye kijiji cha Ulaya abiria wanunue ndizi, nilimwambia yote. Nilimwambia ananila mikono. Nilimwambia kwamba amekaa kwenye kiti nilichokitengeneza mimi, akachukua jina nililolitafuta mimi, na kwamba anapolala anaota maranda yangu. Kwa mtoto kumtolea baba yake mdogo maneno hayo, tena mbele ya wauza ndizi, ilikuwa aibu, na nilijua, na niliendelea. Yeye alikuwa ameshika ndizi yake bila kuimenya.

"Mwanangu," akasema nilipoishiwa pumzi, "miaka yote ile nilipeperusha bendera, treni ikaondoka. Sijawahi kuiendesha hata hatua moja. Ila stesheni nzima walidhani naiondoa mimi, na mimi mwenyewe nikaanza kudhani hivyo." Akaanza kuimenya ile ndizi. "Nifundishe basi. Hata kitu kimoja tu."

Nikamfundisha. Ilikuwa kila Jumapili mchana, baada ya ibada, milango imefungwa ili mteja asije akamkuta Fundi anafundishwa. Alichagua kutengeneza stuli, akidhani ni kitu kidogo. Sikuwa mwalimu mpole. Yote niliyomeza Mikumi niliyatapikia kwenye kazi yake. Alikata mguu mmoja mfupi, akapunguza mitatu ilingane nao, ikapitiliza, akarudi kwenye ule wa kwanza. Alijikata vidole mara kwa mara, na Jumatatu wateja walipoona plasta walizidi kumheshimu. Hakukasirika hata siku moja. Ilimchukua tangu masika mpaka kiangazi, na stuli iliyopaswa kuwa ya mtu mzima ikatoka na kimo cha mtoto. Tena ilikuwa inayumba.

Alipomaliza alisimama, akajipangusa vumbi, akavua kofia. Akaniambia kwa sauti ya kawaida, bila utani wowote:

"Shikamoo, fundi."

Neno hilo nililisubiri tangu chuoni, na lilipokuja lilikuja na salamu nisiyoweza kuiitikia. Huwezi kumwambia baba yako mdogo marahaba, hata angekuomba. Nilisema, "Baba, acha bwana," nikainama chini ya meza nikijifanya natafuta tupa. Nilikaa huko chini kitambo, kwa sababu nilikuwa nalia.

Kiti cha mlangoni alikikalia miaka mingine miwili, kisha kifua kikamzidi. Jeneza lake nililitengeneza kwa mninga ambao bila shaka angesema haujakauka. Msibani, aliyesoma wasifu wa marehemu alisema tumempoteza fundi mashuhuri wa samani wilayani Kilosa. Bendera haikutajwa kabisa. Mama mdogo alinitazama, mimi nikatazama miguu yangu.

Baada ya siku arobaini mwenye hoteli alikuja kutoka Mikumi kutoa pole. Kile kiti cha mikono kilikuwa wazi na hakuna aliyethubutu kukikalia, naye hakuthubutu. Akavuta stuli. Ikayumba, karibu imwangushe. Akainuka, akaigeuza, akakagua miguu.

"Hii nayo ni kazi ya mzee?"

Mwenzangu aliacha kupiga msasa. Neno moja tu lilitosha. Ningesema ndiyo, hii ni kazi ya mzee, tena ndiyo kazi yake pekee, na mtu mwenye viti sitini visivyoyumba hotelini kwake angejua palepale vile vingine ni vya nani. Nilikuwa nalisubiri swali hilo kwa miaka yote ile. Akilini nikamwona baba mdogo, amevua kofia.

"Hapana," nikasema. "Hiyo niliitengeneza mimi, nilipokuwa najifunza."

"Nilijua," akasema, ameridhika. "Mkono wa mzee ulikuwa mwingine kabisa." Akairudisha chini kwa uangalifu. "Ila wewe umeendelea. Ule mguu uliouunganisha siku ile haukuwa mbaya."

Nikasema asante. Akaniambia anaongeza vyumba, anahitaji vitanda na kabati, na kwa kuwa mzee hayupo, itabidi nijaribiwe mimi. Akatoa daftari na kalamu.

"Niandike fundi ni nani?"

Nikamtajia majina yangu, yote matatu, nikasubiri mpaka amalize kuandika.

Sasa karakana ina vyumba vitatu, na tuko wanawake watano. Wateja wengine bado wanauliza kama fundi yupo, nasi tunanyoosha vidole kila mmoja kwa mwenzake mpaka wachague. Stuli iko mlangoni, haiuzwi. Kuilinganisha miguu ni kazi ya dakika tano, na sijaigusa. Anayeuliza ni ya nani, namwambia ni yangu.