Programu Iliyomjibu Mke Wangu

Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake na la mkewe. Maneno ni yake, tumeyaacha kama alivyoyatuma.

Admin habari yako, na ninyi nyote mnaofuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka 31, naishi Tunduma, naandaa karatasi za mizigo kwenye ofisi moja ya wakala hapa mpakani. Nimeoa. Jioni nikitoka kazini starehe yangu ni moja tu, kuandika programu za simu na kompyuta. Sikusomea, nimejifundisha mwenyewe kwa laptop ya mtumba. Sinywi, sina mchepuko, na ninaomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Kichwa changu hakikosi mawazo. Niliwahi kuanza programu ya madereva wa malori kupeana habari foleni ya mpakani imefika wapi. Nikaiacha, nikaanza kamusi ya Kinyiha ya kwenye simu, nikafika herufi ya tatu. Kuna nyingine ya kumwambia mkulima wa kahawa lini aanue kahawa yake kabla ya mvua, hiyo bado iko kichwani. Mke wangu alikuwa ananicheka. "Mume wangu, mawazo yako ni kama mahindi ya jirani, tunayaona tu hatuyali." Alilisema hilo mbele ya wageni! Mwanamke anakukatisha tamaa namna hiyo, halafu leo watu wanasema mkatili ni mimi.

Mimba yake ya kwanza ilipokuwa kubwa akaenda kwao Ihanda, ajifungulie kwa mama yake. Hapo ndipo meseji zilipoanza. Asubuhi meseji, mchana meseji, jioni ndiyo usiseme. Mgongo unauma. Mtoto anacheza. Umekula? Ninyi msioandika programu hamwezi kujua, wazo likishakaa vizuri kichwani, simu ikilia mara moja tu limeruka. Ndipo nikasema, kwa nini nisiandike programu ya kumjibu yeye? Ikiona neno "unauma" inajibu, "Pole mke wangu, nakuombea." Ikiona "mtoto" inajibu, "Nina furaha sana, Mungu ametukumbuka." Isipoona neno inalolijua inajibu, "Nipo kazini mpenzi, nakupenda." Nikaifundisha isubiri kidogo kabla ya kujibu, isionekane ina haraka. Simu yenye laini ya Tanzania nikaiacha nyumbani kwenye chaji, nikawa natembea na ile ya laini ya Zambia, ambayo mke wangu hana namba yake.

Ilifanya kazi jamani. Ndiyo programu ya kwanza niliyoimaliza maishani mwangu. Nilizipiga picha meseji kwa ile simu nyingine, nikawaonyesha wenzangu ofisini alivyojibiwa, wakacheka mpaka machozi. "We jamaa noma, mkeo anachati na chaja!" Hata mama mkwe alipiga siku moja akanikuta nyumbani, akanisifu. "Mkwe wangu, siku hizi unamjali mwenzio. Kutwa anacheka na simu." Nani kati yenu mke wake anacheka kutwa?

Mke wangu akajifungua, na mtoto hakumaliza hata siku. Akanitumia ujumbe: "Mtoto wetu amefariki. Njoo." Programu ikaona neno "mtoto", ikajibu kama nilivyoifundisha, kwamba nina furaha sana na Mungu ametukumbuka. Neno "amefariki" sikuwa nimeliweka. Nani angeliweka? Ningeliweka, leo mngesema nilimtabiria mwanangu kifo. Akatuma tena, "Umenielewa mume wangu?" Ikamwambia nipo kazini, nampenda. Walipiga na simu pia, lakini ililia peke yake mezani, na jioni niliporudi nilikaa kwenye laptop bila kuiangalia.

Kesho yake kaka wa mke wangu akaja na pikipiki mpaka mlangoni. "Shemeji, mtoto tumeshamzika," akasema. "Tumekusubiri mpaka tumechoka. Mbona ulimjibu vile mwenzio?" Nikaona ukweli ni bora, nikamwonyesha programu. Aliiangalia, akaniangalia na mimi. "Kwa hiyo muda wote huu dada yangu alikuwa anaongea na simu?" Nikamwelewesha vizuri kwamba hapana, simu ni chombo tu, anayejibu ni programu. Akanizaba kofi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mwanangu wamemzika bila mimi, na hilo hakuna anayeliona kuwa kosa. Roho inaniuma, inaniuma sana.

Mke wangu amebaki kwao. Juzi akatuma ujumbe, na huu nimeusoma kwa macho yangu: "Sijui anayesoma ni wewe au ni hicho kitu chako. Kabla ya kuzika nilikuandikia jina nililompa mwanetu. Nitajie jina hilo, nitarudi. Ukikosea usinitafute tena." Ndugu zangu, huo ujumbe wa jina mimi sikuuona, nilisoma zile mbili za kwanza tu. Na siku ile, shemeji alipoondoka, nilifuta meseji zote, maana simu ilikuwa imejaa na nilitaka nafasi ya kurekebisha programu, niiongezee maneno ya msiba. Kwao wote amewakataza wasiniambie. Nampenda mke wangu, nyumba imepoa, hata kupika sijui.

Lakini sijakaa bure. Nimeshaanza programu mpya ya kupanga majina ya ukoo wao, ya ukoo wetu na ya kanisani, ianze na yale yanayoelekea zaidi, halafu nichague moja nimtumie. Nimekwama sehemu moja tu, na nafasi niliyopewa haina marudio. Siku ile shemeji alisema mtoto, mtoto, basi, na mimi kwa uchungu wa lile kofi sikuuliza. Kabla hamjanitukana, nishaurini: nianze na majina ya kike au ya kiume?