Utomvu wa Mgomba Kwenye Kitambaa cha Moraa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne hapa hapa Ekerenyo, nilipoharibu kitambaa cha harusi cha dada yangu kisha nikanyamaza. Keti hapo. Hapana, chai itangoja. Nimeliona lile pazia la mama yako lenye madoa ulilolikunja ukalisukuma nyuma ya magunia ya mahindi, na nimemsikia akilaumu mvua kwamba imelichukua kambani. Nimeiona pia mikono yako ilivyo na rangi ya maganda ya vitunguu. Nikasema moyoni, ala, huyu mjukuu amenirithi mimi! Basi nisikilize kwanza.

Miaka ile ya sitini na kitu, msichana wa kwetu hakwenda kuolewa mikono mitupu. Alibeba vitambaa alivyovidarizi mwenyewe, vya viti na vya meza. Kile kikubwa kilitandikwa mezani kwa mama mkwe, na wanawake wa huko walikikagua kabla hata ya kumtazama bibi harusi usoni. Dada yangu Moraa alikuwa ameposwa Ogembo. Mama alichuma pareto msimu mzima, mvua ikimnyeshea mgongoni, ndipo akaenda Kisii mjini, dukani kwa Mhindi, akarudi na kitambaa cha marekani, nyeupe pe, nzito, haina kasoro. Moraa aliitunza kama yai.

Sasa mimi nilikuwa na wazimu wangu. Mwalimu wetu wa kushona kule kanisani alitufundisha kudarizi mawaridi kutoka kwenye karatasi. Mawaridi, mawaridi, kila Jumapili mawaridi! Nani alikuwa ameona waridi Ekerenyo? Mimi nilipenda kangaga, yale majani ya kando ya mto yenye meno kama kitana. Ukilibandika jani lililolowa juu ya jiwe kisha ukalibandua, linaacha picha yake. Nilitaka picha ile ibaki kwenye nguo. Nilijaribu matope, yakapukutika. Nikajaribu vitunda vyeusi vya managu, ile mboga chungu, vikatoa zambarau tamu kweli, jua likaila kwa siku mbili.

Ndipo nikakumbuka mgomba. Kila mtoto wa hapa alijua kwamba utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki. Tulichapwa sana kwa ajili hiyo. Nikakata chipukizi, nikakinga maji yake kwenye kikombe cha bati. Lakini nguo nyeupe ya kujaribia ningeitoa wapi? Za kwetu zote zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo. Mama alikuwa shambani, Moraa ameenda mtoni. Nikafungua sanduku lake, nikajiambia ni kona tu, kajani kamoja.

Nikachovya kangaga, nikabandika, nikabandua. Hakuna kitu. Unyevu mtupu, kama maji ya kunywa. Nikabandika tena, nikasogea mbele kidogo, nikabandika juu ya pale pa kwanza, mpaka upindo mzima wa upande mmoja ukalowa. Hakuna hata alama. Nikasema, lo, kumbe chipukizi changa halina rangi. Nikaianika mle ndani, ikakauka nyeupe vilevile, nikaikunja nikairudisha. Wala sikuwa na wasiwasi.

Siku tatu baadaye Moraa aliifua ili aipige pasi kabla ya kuidarizi. Mwanangu, utomvu wa mgomba hauna haraka na mtu. Sabuni ilipougusa, ukajitokeza wote, kahawia iliyokolea, jani juu ya jani, mahali pengine huoni jani bali uchafu tu.

"Moraa!" mama akapiga kelele. "Nimekwambia mara ngapi usianike nguo migombani? Aibu gani hii unayonipeleka nayo Ogembo?"

"Mama, sikuianika migombani. Haki ya Mungu."

"Basi utomvu ulitembea wenyewe?"

Moraa alilia mpaka akapata kwikwi. Na mimi? Nilitazama vidole vyangu, nikaona navyo vimegeuka kahawia. Nikachukua kisu na karai, nikaenda kumenya ndizi za chakula cha jioni. Umeelewa ujanja wangu? Mmenya ndizi vidole vyake huwa vyeusi, hakuna wa kumuuliza. Siku hiyo nikamenya, kesho yake nikamenya, na kesho kutwa tena, mimi niliyezoea kuikimbia zamu hiyo kama mtu amkimbiaye simba. Moraa hakula ndizi hizo. Alikaa tu, amekonda uso, na mama akisema naye ni kwa kumwita mzembe.

Tulikuwa na bibi yetu, mama yake baba, tuliyemwita Magokoro. Alikuwa msusi wa vikapu vya kuwekea ugali wa wimbi, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Siku ya tatu akaja akaketi kando ya karai langu.

"Tangu lini wewe unapenda kumenya ndizi?"

Nikacheka kicheko cha uongo. Yeye hakucheka. Akatandaza ile marekani juu ya magoti yake, akapitisha kidole kwenye upindo.

"Utomvu ukidondoka hufanya doa," akasema. "Haufanyi meno ya kangaga."

Nikaweka kisu chini. "Magokoro, tafadhali, usiwaambie."

"Siwaambii. Mdomo wa kusema hili si wangu." Akaikunja nguo polepole. "Lakini Moraa ataingia kwa watu na jina la uzembe, na jina hilo umempa wewe. Nyama ya harusi yake itakupita kooni?"

Sikusubiri jioni. Nilikimbilia kwenye pareto nikawakuta mama na Moraa, nikayasema yote kwa pumzi moja. Mama alivunja fimbo hapo hapo, na nilistahili. Lakini fimbo niliisahau siku ileile. Nisichosahau ni Moraa alivyonitazama akasema, "Kumbe ulikuwa unanimenyea ndizi huku unaniona nalia." Hata leo nikimenya ndizi namsikia.

Mama alisema la kuvunda halina ubani, kitambaa kimekwisha. Magokoro akamjibu, "Hiki hakijavunda. Kilianzwa vibaya tu." Akararua kipande cha shuka lake kuukuu akanitupia. "Jaribu hapa. Ngoja. Fua. Halafu uniletee."

Basi nikajifunza upya kwenye tambara. Mgomba mkubwa unakoleza, chipukizi ni hafifu. Jani likiguswa mara moja linatoka na mishipa yake, ukirudia linavurugika. Muhimu kuliko yote, ungoje. Tambara lilipokubali, Moraa mwenyewe akaja tukazungushia kangaga pande tatu zilizobaki. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya pili akasema, "Nyoosha mkono, mwizi wewe," nikajua nimesamehewa. Nilifurahi mpaka nikalia.

Ogembo walikitandika mezani, wanawake wakakizunguka. Mama yangu akainamisha kichwa. Mama mkwe akauliza, "Hili ni ua gani?" Moraa akajibu, "Si ua, mama. Ni jani la mtoni kwetu. Mdogo wangu ndiye aliyelianza." Kizee kile cha watu kikasogeza kiti, kikahesabu meno ya majani kwa kidole, kikataka kufundishwa.

Mwaka huu nilipomtembelea Moraa, kitambaa bado kipo, kimelainika kama jani la kabichi lililochemka. Ule upande wangu wa aibu, uliovurugika, ameuelekeza kwenye kiti chake. Nikamwambia, geuza, dada, wageni waone upande mzuri. Akakataa. "Huu ndio ule uliokufanya unikimbilie kwenye pareto kuja kuniambia," akasema. "Mzuri utazamwe na wageni."

Sasa wewe, mwanangu. Sikukatazi rangi zako. Chemsha maganda, ponda majani, bandika hata magugu. Mwenye mikono isiyojaribu ana mikono ya kulia ugali tu. Ila jaribia kwenye tambara lako, si kwenye nguo ya mwenzako. Ukishachovya, ngoja, maana kisichoonekana leo si kwamba hakipo. Na ukiharibu, sema wewe, sema mapema, kabla mwingine hajalibeba jina lako. Kuuliza si ujinga, na kukiri si kifo. Fimbo ya mama yako nitaizuia mimi mwenyewe.

Haya, litoe lile pazia. Mama yako yuko shambani kwenye majani chai, mfuate. Mungu wa Magokoro atangulie mbele yako njiani, aipe mikono yako kazi na ulimi wako ujasiri, na kila utakachokigusa kikubaliwe mezani pa watu. Nenda. Chai yangu utanipa ukirudi.